Kukaguliwa si Kutukanwa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeweka mizani ili watu wasidhulumiane, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeitwa Mwaminifu na watu wake kabla hajapewa Utume, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa zetu limezuka swali ambalo twaona haifai kulijibu kwa maneno mawili matatu barazani kisha likaachwa. Swali lenyewe ni hili. Serikali nyingi zatunga sheria za kuwakagua wanaoendesha kazi za kuwasaidia wanyonge, kama kuwalisha watoto, kuwatibu wagonjwa na kuwatafutia nyumba wasiokuwa nazo. Kwa sheria hizo mwenye kuendesha kazi hutakiwa atoe daftari zake, aonyeshe majina ya aliowahudumia, amfungulie mlango mkaguzi aliyekuja bila ya khabari, na pengine azuiliwe malipo mpaka ukweli ujulikane. Je, hii ni haki, au ni dharau na kuwadhania watu vibaya? Na mtu akiichukua mali hiyo kwa hila, khasa katika nchi isiyokuwa ya Kiislamu, ana hukumu gani mbele ya Mola wake?

Tumeona bora tutoe mfano uliotokea, kwani mtu hufahamu kwa mfano zaidi kuliko afahamuvyo kwa maneno ya jumla. Na mfano tulioutaka, ijapokuwa umetokea mbali, una mkia uliofika mpaka mwambao wetu.

Katika Marekani, upande wa kaskazini, liko jimbo liitwalo Minnesota, na mji wake mkubwa ni Minneapolis. Huko wakaa Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la nchi hiyo. Wengi wao walihama kwao baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na si wachache waliopitia kambi zetu za Dadaab kabla ya kuvuka bahari. Ni ndugu zetu katika dini, na wengine ni jamaa za jirani zetu hapa Mombasa, Malindi na Lamu.

Serikali ya Marekani ina mpango wa kuwalisha watoto wa masikini. Fedha hutoka katika wizara ya kilimo ya taifa, zikapitia wizara ya elimu ya jimbo, zikafika kwa jumuiya zinazodhamini vituo, na vituo ndivyo vinavyopika na kugawa. Kituo huandika leo tumelisha watoto kadha wa kadha, na kwa hesabu hiyo hulipwa. Mdhamini naye hubakiwa na fungu lake, sehemu ya kumi mpaka kumi na tano katika kila mia, kwa kazi ya kuviangalia vituo. Tazameni basi: aliyewekwa kuangalia hupata zaidi kila hesabu ya vituo inapozidi. Mlango wa fitina ulikuwa hapo tangu mwanzo.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, shule zikafungwa na masharti yakalegezwa ili watoto wasife njaa. Huruma hiyo wakaigeuza mtego. Jumuiya moja iliyoitwa Feeding Our Future, iliyopokea kiasi cha dola milioni 3.4 mwaka 2019, ilifika mwaka 2021 kupokea karibu dola milioni 200, na chini yake vituo zaidi ya 250. Palikuwa na vituo vilivyodai kulisha maelfu ya watoto kila siku mahali ambapo hapakuwa na watoto hao. Orodha za majina zilibuniwa, na katika daftari moja umri wa watoto uliwekwa ovyo na kompyuta, baina ya miaka 7 na 17. Mtoto hana mama wala baba wala nyumba, lakini chakula chake kimekwisha lipwa!

Mwezi wa Januari 2022 askari wa upelelezi wa serikali kuu waliingia katika majumba na ofisi. Mwezi wa Septemba mwaka huo watu 47 walishtakiwa, na mali iliyotajwa ilikuwa dola milioni 250. Baadaye walioshtakiwa walizidi 70. Mkurugenzi wa jumuiya hiyo, bibi wa Kimarekani asiyekuwa Msomali, alipatikana na hatia mwezi wa Machi 2025. Lakini walio wengi katika washtakiwa walikuwa Wasomali, na hili hatuwezi kulificha. Mmoja wao alihukumiwa mwezi wa Agosti 2025 kifungo cha miaka 28. Majina yao hatuyataji, kwani hatukukusudia kuwaaibisha watu bali kuonya.

Na mkia tuliousema ni huu. Serikali ya Marekani ilipotangaza mashtaka yale, ilieleza mali ile ilikwenda wapi: ilinunua magari ya fahari, majumba huko huko, milki katika Uturuki, na milki katika pwani ya Kenya. Pwani ya Kenya, ndugu zetu! Chakula cha mtoto mwenye njaa kimevuka bahari kikawa ardhi na ukuta katika mwambao wetu. Asiseme mtu basi kuwa haya ni ya Wamarekani na sisi hayatuhusu.

Tuangalie sasa walioachiwa kazi ya kuangalia. Mkaguzi wa Bunge la Minnesota alitoa taarifa yake mwezi wa Juni 2024, akasema kuwa wizara ya elimu ya jimbo iliziona dalili za ubaya hata kabla ya korona, na haikuzifanyia kazi ipasavyo, na kwamba uangalizi wake dhaifu ulifungua nafasi ya udanganyifu. Na kwa nini wizara ilirudi nyuma? Katika sababu zilizotajwa ni kuogopa kushtakiwa na kuogopa kusemwa magazetini. Kwani wizara ilipoanza kusita kuvikubali vituo vipya, jumuiya ile iliipeleka mahakamani mwezi wa Novemba 2020, ikadai kuwa wanabaguliwa kwa sababu wanawahudumia wageni na watu weusi.

Hapa yatupasa tusimame kidogo. Ubaguzi upo, na Waislamu wanaujua kuliko wanavyousimuliwa. Lakini mwenye kuufanya ubaguzi ngao ya wizi amefanya dhulma mbili: amemwibia masikini chakula chake, na amemwibia mdhulumiwa wa kweli sauti yake. Kesho atakapokuja mtu aliyebaguliwa kweli akalia, nani atakayemsadiki?

Na haikuwa habari ya chakula peke yake. Jimbo hilo lilianzisha mwaka 2020 mpango wa kuwasaidia vilema, wazee na wagonjwa wa akili kupata nyumba na kudumu ndani yake. Ilikadiriwa kuwa utagharimu kiasi cha dola milioni 2.6 kwa mwaka. Mwaka 2024 ulilipa zaidi ya dola milioni 100. Mwezi wa Septemba 2025 wakashtakiwa watu wanane, na mwisho wa Oktoba 2025 mpango wote ukafungwa. Fikirini, ndugu zetu: yule kilema wa kweli, na yule mzee wa kweli asiyekuwa na pa kulala, amefungiwa mlango kwa ajili ya wizi wa watu wasiomjua. Mwizi wa mali ya namna hii hachukui fedha tu. Huchukua na ule mlango wenyewe, akauacha ukuta.

Vile vile katika vituo vya kuwatibu watoto wenye usonji, waendesha mashtaka walieleza mwaka 2025 kuwa mwenye kituo kimoja aliwalipa wazazi dola 300 mpaka 1,500 kila mwezi kwa kila mtoto, ili wawaandikishe watoto wao kwake. Mzazi akamfanya mwanawe bidhaa, akatia sahihi, na fedha za matibabu zikaliwa.

Kwa haya yote bunge la jimbo hilo likatunga sheria. Mwaka 2023 likaweka ofisi ya mkaguzi mkuu ndani ya wizara ya elimu. Mwaka 2025 likafanya kuwa ni jinai kutoa au kupokea mlungula ili mtu aletwe katika huduma hizi. Likazipa idara ruhusa ya kuzuia malipo mpaka siku 60 panapokuwa na ushahidi wa udanganyifu. Likataka vituo vya watoto wenye usonji viwe na leseni, ambapo zamani havikuwa nayo. Na mwezi wa Oktoba 2025 gavana akaamuru malipo ya huduma 14 za matibabu ya masikini yachunguzwe na kampuni ya nje kabla hayajatolewa.

Sasa tuyapime mambo haya kwa mizani ya dini yetu.

Mtu atasema: kukaguliwa ni kutuhumiwa, na mwaminifu hatuhumiwi. Tutamjibu: ewe ndugu, soma Kitabu cha Mola wako. Katika Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu amewaamrisha mawasii wa mayatima, wanapowakabidhi mayatima mali zao, wawashuhudishe watu. Wasii huyo huenda ni ami yake mtoto, mcha Mungu, imamu wa msikiti, na juu ya hivyo ameamrishwa aweke mashahidi. Na katika Suratul-Baqara iko aya ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Je, imekuja kueleza nini? Haikuja kueleza Sala wala Saumu, bali kuandika deni, mwandishi wake na mashahidi wake, liwe dogo au kubwa. Ikiwa Mola wetu hakuona kuwa ni tusi kwa muumini kuandikiwa na kushuhudiwa, sisi ni nani hata tuone ni tusi?

Na Mtume wetu (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya Zaka, naye aliporudi akagawa aliyokuja nayo mafungu mawili, akasema haya ni yenu na haya nimepewa mimi zawadi. Mtume hakunyamaza kwa kumwonea haya, na wala hakusema huyu ni sahaba tumwachie. Alimhesabia, kisha akapanda mimbari akauliza mbele ya watu: kwani mtu huyo angekaa nyumbani kwa babake na mamake, zawadi hiyo ingemfuata huko? Katika swali hilo moja mna sheria yote ya mlungula. Mzazi wa Minneapolis aliyepewa dola 300 na ajiulize: lau si sahihi yake, angepewa?

Na Sayyidna Umar (R.A.) alipomtuma liwali katika nchi, aliandika kwanza mali aliyokuwa nayo, na akimwona baadaye amezidi kupita kiasi humhesabia na kumtoza. Alimtuma Muhammad bin Maslama kuwakagua maliwali, na hao walikuwa masahaba wa Mtume waliotangulia katika Uislamu. Kisha wanavyuoni wetu wakaandika vitabu juu ya kazi ya muhtasib, azungukaye sokoni akapima mizani na kutia mkono ndani ya gunia. Mtume mwenyewe (S.A.W.) aliutia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu, akamkanya mwenyewe na kumtoa mwenye kughushi katika umma wake. Hebu angalieni: hakutazama juu tu akaenda zake. Ukaguzi basi si jambo la wageni. Ni suna tuliyoiacha, na wengine wakaiokota.

Na kwa hakika ukaguzi ni rehema kwa aliyeshika amana kabla ya kuwa rehema kwa mwenye mali. Mtu mwema anayeshika fungu la watu peke yake, bila ya daftari wala shahidi, Shetani humjia kwa mkopo wa siku mbili, kisha kwa haki ya jasho lake, kisha kwa mazoea. Anayejua kuwa Ijumaa ijayo atafungua daftari mbele ya wenzake amewekewa ukuta baina yake na Moto, na siku atakaposingiziwa atakuwa na la kujibu.

Mtu mwingine atasema: lakini ile ni mali ya serikali, tena serikali ya makafiri, na serikali hizo zimetudhulumu. Neno hili twalisikia hata kwa watu wenye kanzu nyeupe, na twasema wazi kuwa ni neno la ujinga. Mwenye kuingia katika nchi kwa ruhusa ya wenyewe ameingia kwa amani, na amani ni ahadi ya pande mbili. Imamu Shafi'i, ambaye sisi watu wa mwambao ni wafuasi wa madhehebu yake, ameeleza kuwa Mwislamu aliyeingia nchi ya maadui kwa amani, mali zao zote ni haramu kwake. Hayo ni ya nchi ya maadui walio vitani! Itakuwaje basi nchi iliyompokea akikimbia vita, ikampa makaratasi, shule na matibabu?

Na mwangalieni Mtume wetu (S.A.W.) usiku wa Hijra. Makureshi wamezunguka nyumba wataka kumwua, na amana zao ziko kwake. Hakusema hawa ni maadui zetu, tuzichukue tujisaidie nazo Madina. Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) katika hatari ile ili azirudishe kwa wenyewe. Na Mughira bin Shu'ba, kabla ya kusilimu, aliwaua wenziwe safarini akachukua mali zao, kisha akaja Madina kusilimu. Mtume aliukubali Uislamu wake, na ile mali akasema haimhusu. Hakutaka hata senti moja ya khiyana iingie katika umma wake, hali wale waliochukuliwa walikuwa mushirikina.

Kisha neno lenyewe la kuwa ni mali ya serikali si kweli. Serikali hailali njaa. Aliyeandikiwa chakula kile ni mtoto, na aliyeandikiwa nyumba ile ni kilema. Mali ya umma haikosi mwenyewe. Ina wenyewe wengi, na Siku ya Kiyama kila mmoja wao atasimama kudai. Mwenye kumwibia mtu mmoja aweza kumwendea akataka radhi. Aliyeiba mali ya umma atamwendea nani?

Baada ya vita vya Khaibar mtumwa mmoja aliyekuwa akimtumikia Mtume (S.A.W.) alipigwa mshale akafa. Watu wakasema pepo ni yake. Mtume akaapa kuwa sivyo, kwani kishali alichokichukua katika ngawira kabla haijagawanywa kinamwakia moto. Mtu mmoja aliposikia hayo alikuja mbio na kamba moja ya kiatu, au mbili, akairudisha. Ndugu zetu, ikiwa kishali kimemzuilia mtu aliyekufa katika kumtumikia Mtume, watasemaje walioandika watoto elfu wasiokuwako?

Na hapa twafika kwetu. Mali ile iliponunua ardhi pwani, haikujinunulia. Palikuwa na dalali, palikuwa na mwenye kuandika hati, na jirani waliona. Hatusemi kuwa hao walijua. Asiyejua, na hakuona dalili yoyote, hana lawama. Wala hatusemi kuwa kila arudiye kutoka ng'ambo na fedha ni mwizi. Mungu atuepushe na dhana hiyo. Walio wengi wa ndugu zetu huko waendesha malori usiku, waosha wazee, wasimama viwandani, na katika jasho hilo mama zao huku wala na wadogo zao wasoma. Lakini dalali anayeambiwa asiulize, na akalipwa zaidi ili asiulize, huyo amekwisha kujua. Katika Suratul-Maida tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui, na kamisheni ni msaada.

Wengine hudhani kuwa mali hiyo yasafishwa kwa kujenga msikiti, au kuchimba kisima, au kumpa sheikh bahasha. Haisafiki. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa Sala haikubaliwi bila ya udhu, wala sadaka haikubaliwi ikiwa ni mali ya khiyana. Na Ibn Umar (R.A.) alipokwenda kumtazama liwali mmoja mgonjwa, naye akaomba aombewe dua, alimkumbusha Hadithi hiyo kisha akamwambia: nawe ulikuwa mtawala wa Basra. Hakumwambia zaidi ya hayo. Sisi masheikh, tunapopelekewa bahasha, tukumbuke kuwa aliyeulizwa kitandani alikuwa liwali, na kesho tutakaoulizwa ni sisi. Toba ya mali ni kuirudisha kwa wenyewe. Msikiti haujengwi kwa chakula cha mtoto.

Basi katika kesi hizo kuna jambo moja limetutia haya na limetupa funzo. Mwezi wa Juni 2024, wakati kesi ya kwanza inakaribia mwisho, mtu alikwenda usiku nyumbani kwa mwanamke mmoja aliyekuwa katika baraza la kuamua kesi, akaacha mfuko wenye kiasi cha dola 120,000, na ahadi ya nyingine kama atawaachilia washtakiwa. Mwanamke yule hakuwapo. Aliporudi akaambiwa, hakulala nazo. Mara ile aliwaita polisi. Qur'ani imetukataza katika Suratul-Baqara tusile mali kwa batili na tusiipeleke kwa mahakimu ili tule haki za watu. Walioacha mfuko mlangoni wanatoka katika watu wenye Aya hiyo, na aliyeukataa alifanya yale ambayo Aya inayataka. Je, hili halitoshi kutuamsha?

Hata hivyo, uadilifu una pande mbili, na haitufai kuuona mmoja tukaufumbia jicho wa pili. Mkaguzi naye ana mipaka yake. Ukaguzi uwe kwa wote, si kwa wenye majina fulani au wenye mitandio vichwani. Malipo yakizuiliwa, yazuiliwe kwa ushahidi na kwa muda unaojulikana, kwani mwenye kituo cha haki ana wapishi wa kuwalipa na watoto wa kuwalisha. Na dhambi ya mtu isibandikwe kabila. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilifika hadi rais wa nchi hiyo, Donald Trump, kuwatukana Wasomali kwa jumla yao, hali maelfu kwa maelfu yao hawakugusa hata senti. Mwenyezi Mungu ametwambia kuwa hakuna nafsi ibebayo mzigo wa mwengine, na katika Suratul-Maida ametuonya kuwa kuwachukia watu kusitupeleke katika kuacha uadilifu. Hii ni hukumu juu ya mkubwa kama ilivyo juu ya mdogo. Lakini nani aliyempa mtukanaji jiwe la kurusha? Ni wale wachache walioiba. Mwizi wa ugenini huiba mara moja, na jamaa zake hulipa miaka.

Na tusijifanye sisi ni wasafi tukitazama ng'ambo. Hapa kwetu Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ijulikanayo kwa jina la SHA, ilianza kazi mwezi wa Oktoba 2024, na kabla haujatimia mwaka, mwezi wa Agosti 2025, Wizara ya Afya ilitangaza kuzisimamisha hospitali na zahanati kadhaa kwa madai ya kuandika bili za wagonjwa wasiolazwa na matibabu yasiyofanywa. Mgonjwa hewa huko, mtoto hewa kule: maradhi ni mamoja. Na katika jumuiya zetu wenyewe, ni ngapi zinazokusanya kwa jina la mayatima na hazijapata kubandika hesabu zao hata mara moja? Ni wakfu ngapi zilizoachwa na wazee wetu ambazo kodi yake haijulikani iingiapo wala itokapo? Mwenye kuuliza huambiwa hana adabu. Huyo si mkosefu wa adabu, bali ni mwenye kutekeleza wajibu uliowalazimu wote wakauacha.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo haya. Kila msikiti, kila chuo na kila chama kinachoshika mali ya watu kiwe na daftari, na watu wawili wasiokuwa wa nyumba moja wa kulitazama, na hesabu ibandikwe mlangoni kila mwaka mahali ambapo hata mchuuzi wa kahawa ataisoma. Orodha ya mayatima ithibitishwe na watu wa mtaa, na isiwe siri ya mtu mmoja. Anayeombwa kutia sahihi kwa ajili ya mtoto wake au mgonjwa wake asitie asilolijua, na akipewa fedha ili atie, ajue kuwa hiyo ndiyo ile zawadi iliyokemewa juu ya mimbari. Wenye jamaa ng'ambo, mnapowapigia simu msiwaulize tu wamejenga wapi na wamepeleka ngapi. Waulizeni na mali ile imetoka wapi, kwani huenda swali la mama likamzuia kijana kabla hajazuiliwa na askari. Na mkaguzi akibisha mlango wetu, awe wa serikali au wa jumuiya, tumfungulie na tumtolee daftari kwa uso mkunjufu. Aliye na haki hana la kupoteza ila saa moja.

Kwani, ndugu zetu, iko hesabu ambayo hapana mlungula wake wala wakili wake. Siku hiyo kila mwenye kuhini atakuja nayo aliyoyahini, kama tulivyoonywa katika Surat Al-Imran, na daftari litafunguliwa ambalo halikuacha dogo wala kubwa. Kheri yetu tufungue ya hapa kwa hiari kabla hatujafunguliwa ile kwa lazima.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali na utukinaishe nayo. Tufanye wenye kuzitekeleza amana, na wape wanyonge wa kila nchi viongozi wa kuwaangalizia haki zao. Wape toba waliokosa wapate kurudisha kabla ya mauti, na wahifadhi waja wako wema wasichukuliwe kwa makosa ya wengine. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Wabillahi tawfiq.